Miti Themanini na Minne ya Kilima cha Gagnon

Bristol, Connecticut
14 Agosti 2016

Lucien,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Sijafa, wala sijaja kuomba kitu. Nakuandikia barua kwa sababu simu hupokei na mtandao huko kwenu haupandi.

Mwaka huu nataka kuja kuona majani yanavyogeuka rangi kabla ya baridi. Nitaendesha mwenyewe, gari langu la buluu, na jirani yangu Irena Wojcik, mjane mwenzangu. Huyu Irena tangu Clement afariki ananisumbua kila asubuhi na kahawa yake, na juzi kanichokoza. Ati majani mazuri kuliko yote yako New Hampshire! Nikamwambia, mama, wewe hujaona majani, umeona takataka za mti. Kwetu Vermont, kwenye kilima cha Gagnon, kuna miti themanini na minne ya shira, ile inayogemwa utomvu mtamu, aliyoipanda babu yangu alipotoka Quebec, nusu upande huu wa barabara na nusu upande ule, na majani yake yakishika moto, wekundu unaingia mpaka ndani ya gari, unauona mikononi mwako. Akacheka. Nilikasirika sana. Basi sasa ni suala la heshima.

Usijidanganye kwamba nakuja kukuona wewe. Sijakanyaga kilima kile tangu mwaka ule mume wangu alipoteleza na gari akavunjika mguu na nyonga, kwa sababu shemeji yake, yaani wewe, msimamizi wa barabara wa mji mzima, ulikataa kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu. Ng'ombe tuliuza, tukaja huku, na Clement akamalizia maisha yake ya kazi juu ya kigoda cha kiwanda. Hayo siyarudii. Niambie tu majani yataiva lini.

Dada yako,
Delphine


Whitcomb Gore, Vermont
21 Agosti 2016

Dada,

Kwa hiyo wewe upo. Kutoka kwako mpaka kwangu ni saa nne na nusu, na umetumia karibu miaka ishirini na minane kuzifikiria. Haya, karibu.

Mwambie huyo Irena kwamba New Hampshire wana milima mizuri, hilo siwanyimi. Ila majani yao ni ya njano zaidi, ya miti ya kuni. Wekundu ni wetu. Na wekundu wa kilima cha Gagnon ni wetu sisi wawili, mimi na wewe, kwa hiyo usijivune peke yako kana kwamba ulinunua dukani. Yote themanini na minne imesimama. Umesikia? Hakuna hata mmoja ulioanguka. Nenda kwenye barabara yoyote ya mji huu uhesabu, halafu uje uniambie.

Kuhusu siku: mwaka huu kuna ukame, majani yatawahi. Mimi natazama miti ya kinamasi cha bondeni. Kikianza kuwa chekundu nahesabu siku kumi na nne, na siku ya kumi na nne kilima kinawaka. Sijakosea tangu baba aniachie kazi ya kuhesabu. Watu wa redio wanakosea kila mwaka, na bado wanalipwa.

Ila njoo mwaka huu. Usisogeze hadi mwakani. Usiniulize kwa nini.

Nina kitanda cha ziada. Irena atalala chumba cha mama.

Lucien


Bristol
2 Septemba 2016

Mdogo wangu,

Hujabadilika hata chembe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe husubiri hata kusifiwa, unajisifu mwenyewe mwanzo wa barua mpaka mwisho.

Irena amenunua ramani na kitabu. Ameandika orodha ya vituo: daraja lenye paa, duka la jibini, daraja jingine lenye paa, mahali pa donati na juisi ya tufaha, na daraja la tatu lenye paa. Nikamuuliza, Irena, una ugomvi gani na mvua? Anataka tuje wikendi ile ya sikukuu ya Oktoba, kwa sababu kitabu kimesema ndiyo wikendi ya majani.

Binti yangu naye amekuja juu. Anasema mwanamke wa miaka sabini na nane haendeshi gari mpaka mpakani mwa Kanada. Nimemwambia nilikuwa naendesha trekta kabla mama mkwe wake hajajifunza kutembea. Lakini tumekubaliana, nikirudi salama nampa funguo na sizidai tena. Kwa hiyo hii ndiyo safari yangu ya mwisho nikiwa mimi mwenyewe kwenye usukani, na nataka iwe safari ya kutajwa.

Unasema miti yote imesimama. Vizuri. Laiti ungeujali mguu wa shemeji yako nusu ya ulivyojali miti. Mchanga wa kuzuia kuteleza, mchanga, miaka yote ile mchanga, wakati malori ya miji mingine yanamwaga chumvi na watu wao wanafika nyumbani. Nimesema siyarudii na nimeyarudia. Basi.

Delphine


Whitcomb Gore
10 Septemba 2016

Dada,

Kuhusu chumvi, nimesoma.

Wikendi ya sikukuu msije. Hiyo ni ya wachunguliaji, hao watalii wa majani. Wanajaza barabara, wanasimamisha gari katikati ya kona wapige picha ng'ombe, na majani yenyewe wakati huo yako chini, wanapiga picha matawi matupu kama mafagio. Kinamasi kilianza wekundu tarehe 8, kwa usiku mmoja tu, lakini baridi bado, nimeongeza wiki moja. Njooni Alhamisi tarehe 29. Jioni yake kuna chakula cha pai ya kuku kanisani, nimeshawaandikisha wote wawili kwa zamu ya saa kumi na moja. Msichelewe, zamu ya saa kumi na mbili hubakiziwa mifupa na maboga.

Njia ni hii. Panda na barabara kuu ya 91 mpaka St. Johnsbury, hapo uiache, ushike ile ya zamani inayofuata mto. Mwache Irena aone madaraja yake. Ukifika kwetu pita kanisa, endelea kama maili mbili, na kwenye ghala la Pike geuka kushoto. Huwezi kupotea. Panda taratibu, madirisha wazi, na usiseme kitu mpaka ufike juu. Mwache mgeni aseme wa kwanza.

Nitakuwa mlangoni.

Lucien


Bristol
3 Oktoba 2016

Lucien,

Nimerudi salama na funguo nimetoa. Sasa nisikilize.

Ghala la Pike liliungua mwaka 2004! Umewahi kuona wapi mtu anamwelekeza mgeni kwa jengo ambalo halipo? Mimi ghala la Pike nalikumbuka, kubwa, jekundu, kwa hiyo nikatafuta ghala kubwa jekundu. Palipokuwa na shamba pameota msitu, hata sikuutambua mwinuko. Nikaliona ghala jekundu maili moja mbele, kumbe ni la watu wa jiji waliolifanya ukumbi wa harusi, nikageuka kushoto kwa mbwembwe zote. Nikamwambia Irena, fungua dirisha, funga mdomo.

Tukapanda. Lucien, nilidhani nimechanganyikiwa. Miti ilikuwa mikavu. Safu mbili kama za mizimu, haina gome, haina jani, mingine imebaki visiki tu. Nikasema moyoni, mdogo wangu amenidanganya, amenileta kilomita zote hizi nione makaburi, na huyu mwanamke anayeisifu New Hampshire amekaa pembeni yangu. Kuuliza si ujinga, najua, lakini nilizaliwa pale, niulize nini? Irena ndiye aliyefungua mlango akamwendea kijana mmoja wa kazi za barabara aliyekuwa anakata mti kwa msumeno wa mashine.

Alisema anaitwa Royce Tuttle, na ndiye anayeshika kazi yako ya zamani. Akasema, "Hiki ni kilima cha Pike, bibi. Chumvi ndiyo imeiua. Inaingia kwenye mizizi, mti unakunywa miaka kumi, kumi na tano, halafu basi." Nikamuuliza, na kilima cha Gagnon? Akacheka. "Kule kwa mzee Lucien? Kule hatujawahi kumwaga hata kijiko. Alikataa miaka thelathini na moja, na alipostaafu mji ukaendelea vilevile kwa kumheshimu. Lakini ni kazi mara mbili, bibi. Mchanga unaumwaga, upepo unaufagia, unarudi tena. Mwezi wa tatu, mkutano wa mji, tunapiga kura, mchanga au chumvi. Mimi nimeomba chumvi."

Akatuonyesha njia ya juu, tukakatiza mgongo wa kilima, na tukaishukia barabara yetu kutokea kileleni. Ulituona tunashuka badala ya kupanda, na hukusema kitu. Asante kwa hilo. Irena, ambaye anaongea hata akiwa na donati mdomoni, alishika dashibodi kwa mikono miwili akasema, "Delphine, naomba uendeshe polepole." Tulipofika kwako nikazima gari na nikalia, ndiyo maana nilikaa ndani muda ule wote. Nilisema natafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Halafu tukaenda kanisani tukala pai, tukazungumza habari za kuku saa mbili nzima. Mafahali wawili zizi moja! Kwa nini hukuniambia kuhusu kura?

Delphine


Whitcomb Gore
9 Oktoba 2016

Dada,

Ghala la Pike liko palepale lilipoungulia. Hapa kila mtu anajua. Lakini nakuomba radhi, nilisahau kwamba wewe si wa hapa tena. Kuandika sentensi hiyo kumeniuma.

Sikukuambia kuhusu kura kwa sababu nilitaka uje kuona miti, usije kwenye matanga. Na usingekuja. Ungesema, afadhali wamwage, wangemwaga zamani.

Umeviona vilima viwili kwa siku moja, kwa hiyo sina haja ya kueleza sana. Baba alinionyesha miti ya kwanza ikifa kando ya barabara ya jimbo mwaka ule ule nilipopewa kazi. Nikaamua, kwetu hapana. Kila dhoruba nilimwaga mchanga mara mbili, na pale kwenye kona nilishuka kwenye lori nikarusha kwa koleo, kwa mikono yangu, kabla watu hawajaamka kwenda kukamua. Mtu mwingine angemwaga chumvi akarudi kitandani. Waliniita mvivu. Haya.

Asubuhi ile ya Clement nilikuwa nimeshapita mara mbili. Naandika hili mara moja na sitalirudia. Usiniulize zaidi. Marehemu alale.

Machi sitasema kitu mkutanoni. Wakitaka chumvi, ni barabara yao. Mimi nimeshaitunza kwa zamu yangu, na hata Irena na New Hampshire yake ni shahidi.

Lucien


Bristol
20 Oktoba 2016

Lucien,

"Usiniulize zaidi." Nimekaa na maneno hayo siku nane na sijapata usingizi mzuri. Nadhani unajua kitu. Mimi pia nakijua, kwa hiyo wacha nitangulie, mimi ndiye mkubwa.

Matairi yalikuwa vipara. Kila mwaka Clement alifunga matairi ya theluji wiki ya kwanza ya Novemba. Mwaka ule akawa mbishi, ati theluji haiji kabla ya sikukuu ya Shukrani mwisho wa Novemba. Ya theluji yalikuwa yamepangwa ghalani, nilikuwa nimeyafuta vumbi mimi mwenyewe. Asubuhi ile nilimwona anatoka na yale ya kiangazi, yamelika hadi laini kama kisigino, na sikusema neno kwa sababu tulikuwa tumenuniana tangu jana yake juu ya upuuzi ambao hata siukumbuki.

Halafu ukaja mkutano wa mji wa Machi. Watu wakasimama mmoja mmoja. Mvivu. Kichwa kigumu. Mzee Harlan Pike akasema mji umeajiri mtu anayependa miti kuliko watu. Wewe ulisimama kofia mkononi. Na mimi nilikuwa safu ya tatu, nafuma soksi. Sikuinua kichwa, Lucien. Nilijua ukweli, nikahesabu vishono.

Baadaye nilihitaji iwe kosa lako. Kama lisingekuwa lako lingekuwa letu, na nisingeweza kuishi na Clement miaka yote ile nikijua nilinyamaza. Kwa hiyo nilikuchukia wewe, ilikuwa rahisi zaidi. Sasa niambie, uliyaona?

Delphine


Whitcomb Gore
25 Oktoba 2016

Dada,

Niliyaona.

Mimi ndiye niliyelivuta gari mtaroni kwa greda. Clement alikuwa amelala kwenye theluji, koti langu juu yake, akanishika mkono wa shati. Akasema, "Lucien, usimwambie Delphine habari ya matairi. Alinisumbua wiki nzima nibadilishe." Nikamwahidi. Alidhani hukuyaona.

Nimetimiza ahadi hadi alipofariki, na miaka miwili zaidi. Sasa umejiambia mwenyewe, kwa hiyo sijaivunja.

Hayo yaishie hapa, kati yangu na wewe. Sitaki kutetewa kwa jina la shemeji yangu. Alikuwa mtu mwema, na alipiga fidla kuliko mtu yeyote wa bonde hili.

Majani yote yako chini leo. Naanza kupasua kuni.

Lucien


Bristol
17 Februari 2017

Kwa Bi Thelma Cutting,
Karani wa Mji, Whitcomb Gore

Bi Thelma,

Tulisoma darasa moja, kwa hiyo hutanikatalia. Nakutumia karatasi hii isomwe kwenye mkutano wa Machi kabla ya kura ya chumvi. Najua sheria yetu: asiye mkazi hana sauti mpaka mkutano umruhusu. Waombe ruhusa. Wakikataa, ichome jikoni kwako na usimwambie mdogo wangu.

Kwa watu wa Whitcomb Gore:

Mimi ni Delphine Royer, binti wa Gagnon. Mwaka 1989 mlimsema mdogo wangu Lucien mbele ya ukumbi mzima kwa sababu mume wangu aliteleza kwenye kilima chetu. Gari la mume wangu lilikuwa na matairi ya kiangazi yaliyokwisha. Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa hapo ndani na nikanyamaza. Lucien naye alijua, na alinyamaza kwa sababu alimwahidi mtu aliyelala kwenye theluji. Kunyamaza kwake kulikuwa kwa heshima. Kwangu kulikuwa kwa woga.

Kilima kile kilikuwa kimemwagiwa mchanga mara mbili kabla mwanga haujatoka, kama kilivyomwagiwa kila dhoruba kwa miaka thelathini na moja. Barabara ni yenu. Mkitaka chumvi, mwageni, lakini tafuteni sababu nyingine. Jina la Clement Royer msilitumie. Na kabla hamjainua mikono, pandeni kilima cha Pike, halafu mpande cha kwetu, mhesabu miti.

Delphine Gagnon Royer


Whitcomb Gore
8 Machi 2017

Dada,

Nilikukataza. Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba yaishie hapa, na wewe ukaenda ukampa Thelma Cutting! Nilipomwona anavaa miwani na kufungua karatasi yenye mwandiko wako nilitaka kutokea dirishani.

Najua umekaa roho juu, kwa hiyo nakutangulizia: mchanga. Sabini na watatu kwa thelathini na wanane. Hakuna chumvi kilima cha Gagnon. Royce Tuttle alinifuata baadaye, hakukasirika, akauliza kama ninaweza kumwonyesha namna ya kurusha pale kwenye kona. Nikamwambia dhoruba ijayo aje na koleo lake, langu siazimi mtu.

Lakini nataka ujue ilivyokuwa. Thelma aliomba ruhusa, wakasema ndiyo, sauti moja tu ilisema hapana, na ilikuwa yangu. Akasoma. Alipofika kwenye matairi, mzee Harlan Pike, ana miaka themanini na minane sasa, alijishikilia kwenye kiti cha mbele akasimama. Tulidhani ataongea. Alisimama tu mpaka Thelma akamaliza, na watu wa safu yake wakaona haya kukaa wakati mzee amesimama, wakasimama nao, na wa nyuma yao. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimekaa, natazama buti zangu, machozi yananitoka kama mtoto. Sijali. Waandike kwenye kumbukumbu za mji wakitaka.

Mwenyekiti akaniuliza, "Lucien, una neno lolote kabla ya kura?"

Nikasimama, nikavua kofia, nikasema, "Aliyeandika hiyo barua ni dada yangu." Nikakaa.

Lucien